Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Dar es Salaam, Magomeni
4 Machi 2024

Mdogo wangu Assumani,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Mosi na watoto, na Mama pia na miguu yake. Sisi huku, mimi na mwanangu Farida, hatujambo kwa kadiri ugonjwa unavyoturuhusu. Farida anashona kwa mama mmoja wa jirani, na ameshaanza kuongea kama redio ya huku. Juzi alimwambia mwenye nyumba kwamba wewe huniita Yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu. Walicheka hadi nikaona haya. Huku yaya ni msichana anayelea watoto wa watu. Basi juu ya bahasha uandike Bibi Maimouna, unilindie heshima.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya nyumbani unaijua. Ikilia tu inawekwa sauti kubwa katikati ya uwanja, anasikia Mama, anasikia Mjomba Swedi, wanasikia na wauza mikate wapitao njiani. Habari hii nataka uipate wewe kwanza. Barua itapanda treni hadi Kigoma, na kutoka hapo Kizito wa boti ataivusha ziwa hadi Kalemie.

Ulipoondoka hapa mwezi uliopita tulijua kwamba damu yako inapatana na yangu, kwamba India watakata sehemu ya ini lako waniwekee mimi, na lako litakua tena. Mambo ya gharama Mjomba alikuwa ameyamaliza. Tukadhani imebaki kusubiri viza. Sasa wamenipima moyo, wamekuta mlango mmoja wa moyo, ule wa upande wa kushoto, umekakamaa na kuwa mwembamba. Wanasema ni mabaki ya homa ya koo ya utotoni. Muulize Mama ule mwaka nilipovimba magoti nikashindwa kwenda shule, atakumbuka. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Dokta wa moyo alinieleza taratibu. Ini jipya likiunganishwa, damu inarudi moyoni kwa kishindo, na mlango huu hauwezi kuipitisha. Itajaa kwenye mapafu, nitazama nikiwa mezani. Nikamwambia basi nipasueni kifua kwanza muutengeneze. Akasema ini nililo nalo halitabeba upasuaji wa kifua, nitatoka damu na hawataweza kuizuia. Na mlango wa chuma unataka dawa ya kuzuia damu isigande maisha yote, wakati damu yangu tayari haitaki kuganda. Kwa hiyo ini linasubiri moyo, na moyo unasubiri ini.

Imebaki njia moja. Watapitisha waya kwenye paja hadi moyoni, mbele yake kuna puto dogo. Puto linajazwa, linapanua mlango, linatolewa, kifua hakiguswi. Lakini kwanza wanataka kuangalia moyo kwa mpira unaopita kooni, wahakikishe hakuna damu iliyoganda ndani, na mishipa ya koo langu imevimba kwa sababu ya ini, inaweza kupasuka. Basi wataifunga hiyo kwanza. Na meno mawili yaliyooza yang'olewe, wadudu wasishuke moyoni. Yote hayo yanataka muda. Usije bado.

Naona aibu, Assumani. Nimekuwa kama mgeni aliyekaribishwa peke yake akaja na shangazi zake watatu. Hata barabarani navaa miwani myeusi, watu wasione macho ya manjano wakasema nakunywa pombe kali ya lutuku. Msalimie Mama. Umwambie wewe, kwa maneno yako.

Dada yako,
Maimouna


Kalemie
2 Aprili 2024

Yaya (bahasha ni ya Bibi, humu ndani ni Yaya),

Wa aleikum salaam. Tuko katika kumi la mwisho la Ramadhani na sote tu wazima. Mama miguu inamuuma lakini mdomo mzima kabisa. Mosi anakusalimu. Ziwa limepanda tena, nyumba za chini karibu na maji zimeingiliwa, watu wamehamisha vitanda kwa ndugu zao. Gereji yangu imepona kwa sababu iko juu kidogo, ila nikienda kufunga mashine kwenye boti navua viatu mapema.

Nikupe habari ya kikao. Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo Mjomba Swedi aliita familia yote, pamoja na wale wa Lukuga ambao hawaji hata kwenye arusi. Wakachinja mbuzi. Imamu akasoma dua. Mjomba akanisimamisha katikati akasema, "Muangalie huyu. Huyu njo mwanaume wa hii familia. Sisi wengine tuko na midomo tu." Mama akaweka kiganja tumboni mwangu akalia. Vigelegele vikapigwa hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Nami nikala, Yaya. Walinipa ini la yule mbuzi peke yangu, kwenye sahani, na wote wakaniangalia nikitafuna.

Tangu siku hiyo mimi si mtu wa kawaida. Nikishika mashine ya boti niinyanyue, wanakuja vijana wawili wanainyang'anya: "Acha hiyo, papa! Hiyo tumbo haiko yako peke yako tena." Wavuvi wananiletea samaki, mikebuka wabichi, bila kuomba. Msikitini wananisogeza safu ya mbele. Na hili utacheka: Mjomba amenikataza kufunga. Ati, "Maini itanyauka." Kwa hiyo saa sita mchana naingia jikoni, Mosi ananiwekea ugali na samaki, na mwanangu mkubwa ambaye anafunga kwa mara ya kwanza anapita mlangoni anageuza uso. Sina ugonjwa, sina safari, ninakula Ramadhani kwa amri ya familia. Ningeweza kukataa. Sikukataa.

Kuhusu moyo, pole sana. Mama anaikumbuka ile homa. Nilimwambia kwa maneno mepesi, akasema, "Mungu iko." Usiwasukume madaktari, Yaya. Haraka haraka haina baraka. Waifunge mishipa vizuri, wang'oe meno vizuri, huo waya waupitishe siku watakayoona wao. Ikiwa mwezi wa saba, sawa. Ikiwa wa tisa, sawa pia. Hata mwakani. Mimi nipo, siendi popote.

Mdogo wako,
Assumani


Dar es Salaam
19 Mei 2024

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum na Idi iliyopita iwe ya heri. Farida alinipikia pilau isiyo na chumvi, maana chumvi nimekatazwa. Tulikula kimya kama watu waliokosana. Mwenye nyumba amepata mjukuu wa kiume. Mama nimemsikia kwenye simu, sauti yake ni nzuri.

Habari ya wewe kula mchana wa Ramadhani nilicheka, kisha nikaacha. Mwanao atakusamehe. Watoto husamehe wakishapata watoto wao.

Meno yameshatoka. Mishipa ya koo wameifunga mara mbili. Kuhusu puto, bado. Madaktari wana mambo mengi, wanakaa vikao, wa moyo anataka hiki na wa ini anataka kile. Kwa hiyo tulia hapo nyumbani, fanya kazi yako, usihesabu miezi. Mtu akikuuliza mwambie moyo wa dada bado mbaya. Ukimwambia hivyo hakuna atakayekulaumu.

Siku hizi napanda ngazi za hapa bila kusimama katikati, na usiku nalalia mto mmoja badala ya mitatu. Labda ni dawa za mkojo. Tumbo ndilo linalojaa maji upesi kuliko zamani.

Mosi alimwandikia Farida kwamba hulali. Kweli?

Maimouna


Dar es Salaam
30 Juni 2024

Assumani,

Assalaam aleikum. Sijapata jibu lako. Kizito ametuma neno kwamba alipita gereji mara mbili akakuta kufuli. Mosi naye kwenye simu anasema upo, halafu anasema hupo, halafu Mama anachukua simu anaanza kunisomea dua.

Maji ya tumbo wamenitoa mara mbili mwezi huu. Jana nilimwita Farida kwa jina la marehemu bibi, na sikujua mpaka aliponishika mkono. Wanasema ni sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja, inapanda kichwani. Wamenipa dawa ya kuniendesha tumbo na akili imerudi.

Sikuandikii kukuharakisha. Nataka kujua tu kama uko hai.

Maimouna


Kalemie
21 Julai 2024

Yaya,

Salamu zangu ni zile zile na wote nyumbani ni wazima. Siwezi kuandika habari za watoto na za ziwa leo, utanisamehe. Nikianza nazo nitaishia nazo.

Nilikuwa katika kijiji cha Bendera. Hakuna aliyeniita. Nilimwambia Mosi kwamba kuna pampu imekufa kule kwa wafanyakazi wa umeme, nikapakia spana zangu kwenye lori. Pampu haikuwepo. Nilikaa kwa rafiki, nikamsaidia kuvuna mahindi, na pale kwenye mahindi hakuna aliyelijua tumbo langu. Nilibeba magunia mpaka mgongo ukauma, na nilikuwa na furaha. Niliporudi nikakuta barua zako mbili na watu wananiuliza kama pampu imepona.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Mosi. Barua yako ya mwezi wa tatu, ile ya mlango wa moyo, niliipata bandarini siku chache baada ya mbuzi. Niliisoma nimesimama. Nilipofika pale ulipoandika usije bado, nilifurahi. Si kidogo. Nilimwita mama wa maandazi nikawanunulia watu wote wa boti. Kizito akaniuliza, "Iko habari muzuri?" Nikamjibu, "Iko muzuri sana." Dada yangu moyo umeharibika, na mimi nagawa maandazi.

Nilipoandika wasiharakishe, siyo kwamba nilikuonea huruma. Kila usiku nilikuwa naomba, na sikuomba upone. Niliomba ule mlango wako ukatae. Niliomba hivyo nikiwa safu ya mbele, nyuma yangu watu wanasema amina.

Naogopa, Yaya. Naogopa kisu. Naogopa kulala pale nisiamke, Mosi abaki na watoto. Lakini kinachonifunga zaidi ni kwamba nimeshakula. Nimekula mbuzi, nimekula mikebuka, nimekula heshima ya kitu ambacho sijafanya. Mtu aliyekwishapigiwa vigelegele atasemaje kwamba anaogopa? Nimeona ni rahisi zaidi kuuachia moyo wako useme kwa niaba yangu.

Sisemi kwamba sitatoa. Sijui ninasema nini. Nakuandikia kwa sababu uliuliza kama niko hai, na aibu imenijaa hadi sijui kama nikujibu ndiyo.

Assumani


Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Assumani,

Wa aleikum salaam, ingawa hukunisalimia vizuri. Farida hajambo. Mwenye nyumba hajambo. Mjukuu wake ameota jino.

Nimesoma barua yako peke yangu, mlango umefungwa. Nilitafuta hasira sikuipata. Hasira yote ilikuwa imeelekea kwangu, maana nawe ulikuwa unajificha mahali ambapo mimi mwenyewe nilikufungulia.

Mlango wa moyo wangu ulipanuliwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Nilipokuandikia "puto, bado", alama ya waya ilikuwa bado pajani. Kazi ilikwenda vizuri. Nilikuwa macho, nikaona kwenye kioo cha mashine kile kiputo kikijaa na kubonyea katikati, kisha kikanyooka, na dokta akasema "basi". Presha ya damu kwenye mapafu ikashuka. Wiki ile ile wakakaa wa moyo na wa ini pamoja wakaniambia: sasa njia iko wazi, mwite ndugu yako, msikawie. Nikawaambia una homa. Waliporudi kuuliza, nikasema umefiwa, kisha kwamba umefiwa tena. Nimekuulia ndugu wawili ambao hatunao, Mungu anisamehe. Nyumbani nilisema lile lile, bado, na Farida nikamlazimisha aseme bado.

Utauliza kwa nini. Siku ya vipimo vyako, dokta alipopitisha kidole tumboni mwako kuonyesha watakapokata, nilikuwa kwenye kiti kando. Uliniangalia ukacheka. Lakini vidole vya miguu yako vilikuwa vimejikunja. Nimekubeba mgongoni tangu hujajua kutembea, Assumani. Ukiogopa vidole vyako hujikunja, uso wako unaweza kudanganya watu wote. Niliona haya kiasi ambacho siwezi kukieleza. Kuomba chumvi kwa mdogo wangu naweza. Kuomba nyama ya mwili wake, na ninaona vidole, siwezi. Basi nikaona heri moyo wangu uitwe mbaya kuliko wewe kuitwa mwoga mbele ya Mjomba Swedi na wale wa Lukuga. Nilidhani ni upendo. Ilikuwa pia kiburi, maana nisipoomba hakuna atakayesema niliomba.

Sasa matokeo yake. Miezi mitatu imekwenda, na nimeipoteza mimi. Dokta wa moyo anasema mlango uliopanuliwa kwa puto hauna ahadi, unaweza kukaza tena. Dokta wa ini anasema ini halina subira hata ya wiki nyingi. Na Farida alikwenda kujipima bila kuniambia. Alirudi akaweka karatasi mezani, akamimina chai. Anafaa. Ini lake ni dogo, wanasitasita, lakini kama hakuna mwingine watamchukua. Nilimkatalia kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Akaniangalia akasema, "Mama, unamlinda mjomba asiumie tumbo, na mimi unataka nikuzike?"

Sikuombi. Nimejaribu kuliandika neno hilo usiku wa jana na kalamu ilikataa. Lakini sikudanganyi tena. Ukisema hapana, niandikie hapana, neno moja linatosha, na nitakuwa dada yako vile vile. Nitamwambia Mjomba kwamba madaktari ndio waliokukataa.

Maimouna


Kigoma
1 Septemba 2024

Yaya,

Assalaam aleikum. Mama anakusalimu, au angekusalimu kama angekuwa anaongea nami.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Ulipoandika kwamba utamwambia Mjomba madaktari wamenikataa, nilisikia joto usoni kama mtu aliyepigwa kofi. Umeshanibeba mgongoni mara ya kutosha. Alhamisi ile ile niliyoipata, baada ya alasiri, nilimwita Mjomba Swedi, na Mama, na Mosi, nikasimama pale pale uwanjani waliponisimamisha. Nikawaambia moyo wa Yaya ulishatengenezwa. Nikawaambia mimi naogopa, na kwamba niliposikia dada amezuiliwa nilifurahi nikagawa maandazi. Niliyasema yote, na habari ya Bendera.

Mjomba akasema, "Toka mbele yangu. Tulichinja nyama bure." Mama alijifunika kanga kichwani. Mosi peke yake aliuliza swali, akauliza, "Kumbe ile pampu haikukuwa?" nikasema haikuwepo, akaingia ndani. Kesho yake msikitini hakuna aliyenifukuza safu ya mbele. Nilikaa nyuma mwenyewe, karibu na viatu. Samaki hawakuja tena. Watu wakawa wananipita kama wanavyompita mtu aliyeiba.

Nilidhani nitakufa kwa aibu, na kweli wiki ile sikuonja usingizi. Halafu siku moja ililetwa mashine kubwa, ya nguvu za farasi arobaini, na hakuna aliyekuja kuninyang'anya. Niliinyanyua peke yangu. Nikasimama nayo kifuani, nikasikia uzito wake hapa chini ya mbavu, na nikaelewa kwamba tumbo limerudi kuwa langu. Tangu mbuzi lilikuwa la Mjomba, la imamu, la wavuvi. Nilikuwa nadaiwa kitu ambacho hakikuwa mkononi mwangu. Sasa ni langu, hakuna anayelingoja, hakuna atakayepiga kigelegele. Kitu kikiwa changu naweza kukitoa.

Sikumuaga mtu ila Mosi. Alinipigia pasi shati mbili, akanifuata mpaka botini. Wengine wote wanajua nimekimbia. Wacha wajue hivyo.

Mwambie Farida ile karatasi yake aichane. Wapigie madaktari leo, wa moyo wakuangalie tena ule mlango kama bado uko wazi, wa ini wajue kwamba mtoaji hana homa na hajafiwa.

Woga haujaisha, usidhani. Nimekaa stesheni, treni ni ya jioni, na vidole vya miguu ndani ya viatu vimejikunja hivi ninavyoandika. Nimenunua tiketi hivyo hivyo.

Barua hii sitaituma. Nitakupa mkononi, kwa sababu ninajijua, nikiingia kwako nitaanza mizaha. Isome nikiwa nimekaa mbele yako. Ukimaliza usinishukuru, usilie, na usimwite mtu yeyote aje kunitazama. Niulize tu kama nimekula.

Assumani